Dola 402 na Askari Waliorudi Vitani Wakijua

Jioni moja barazani Langoni, hapa Lamu, baada ya sala ya isha, kijana mmoja wa chuo alituonyesha kwenye simu picha za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vile vya 1861 hadi 1865. Katika picha moja askari wamekaa mbele ya hema, ndevu zimewashuka hadi kifuani, macho yamezama. Akatusomea maelezo yake: watu hao walikuwa wamepigana kwa zaidi ya miaka miwili, muhula wao wa kutumikia ulikuwa unakaribia kwisha, na wengi wao wakatia saini miaka mitatu mingine. Akazima simu. "Njaa tu hiyo, ami," akasema. "Nani atarudi mautini kwa hiari yake? Walirudia pesa."

Wengi wakamuitikia. Mzee mmoja aliyekuwa ameegemea ukuta, aliyetumikia jeshi mpaka akastaafu, hakuitikia. Alikuwa akizungusha kikombe cha kahawa mkononi.

Nimefundisha historia miaka mingi, na hoja ya yule kijana nimekutana nayo mara nyingi, tena kwa wasomi wakubwa. Wako wanahistoria wanaosema kwamba askari wa vita vile walianza na imani, na kufikia mwaka wa tatu imani ilikuwa imezikwa pamoja na wenzao, hata kilichobaki kikawa mazoea, uchovu na mshahara. Wengine wamezisoma barua zile zile na kusema la, imani ilibaki, ila ilibadilika sura. Mimi niko karibu zaidi na hawa wa pili, na nadhani wale askari wamedhulumiwa na fikra nyepesi. Lakini dhuluma hiyo haiondolewi kwa kupuuza hoja ya upande wa pili.

Kwanza, kwa atakayeuliza Lamu inahusikaje. Pamba iliyolimwa na watumwa wa Kusini mwa Marekani ilifumwa katika viwanda vya Massachusetts, ikaletwa Unguja kwa merikebu, na kutoka huko majahazi yakaitawanya mwambao mzima. Nguo hiyo tukaiita merikani, na jina hilo bado tunalo. Vita vilipoanza pamba ikakatika, merikani ikaadimika sokoni, na nguo za Uingereza na Bara Hindi zikachukua nafasi yake. Isitoshe, miaka ile ile ya 1860 Malindi ilikuwa inafufuka kwa mashamba ya nafaka yaliyolimwa na watumwa, na sheria ya kukomesha utumwa katika pwani yetu haikuja mpaka 1907. Wamarekani walipokuwa wakiuana juu ya mtu kummiliki mtu, hapa kwetu suala lenyewe lilikuwa bado halijaguswa. Kwa hiyo tunaposoma habari za askari wale hatusomi habari za watu wasiotuhusu.

Sasa jambo lenyewe. Vikosi vingi vya Kaskazini, yaani upande wa serikali ya Rais Lincoln uliopigana na majimbo ya Kusini yenye watumwa yaliyojitenga, vilivyoundwa mwaka 1861 viliandikishwa kwa miaka mitatu. Maana yake ni kwamba ifikapo majira ya joto ya 1864 jeshi lingepoteza watu wake wanaoijua kazi, katikati ya mapigano makubwa kuliko yote yaliyotangulia. Kusini, mwezi Aprili 1862, walikwisha kulimaliza tatizo kama hilo kwa sheria: askari waliojiandikisha kwa mwaka mmoja waliambiwa watabaki, watake wasitake. Kaskazini haikufanya hivyo kwa watu wake wa 1861. Iliwaomba. Amri zilizotolewa mwaka 1863 ziliahidi dola 402 kwa kila askari mkongwe atakayejiandikisha upya, likizo ya siku zisizopungua 30, na utepe wa heshima kwenye mkono wa koti. Kikosi ambacho robo tatu ya watu wake wangekubali kingebaki na jina lake, na kingekwenda likizo pamoja, kikipigiwa ngoma katika mji wake.

Takriban 136,000 walikubali. Wengine kama 100,000 walikataa, wakamaliza siku zao wakaenda makwao.

Anayesema "pesa tu" ana ushahidi. Mshahara wa askari wa kawaida ulikuwa dola 13 kwa mwezi, hivyo dola 402 ni sawa na mshahara wa miezi 31. Si fedha ndogo hiyo kwa mkulima mwenye deni. Majimbo na miji nayo iliongeza chake, na katika baadhi ya maeneo jumla ilipita dola 1,000. Halafu kuna ile likizo. Mtu hajamwona mkewe wala kumshika mwanawe kwa zaidi ya miaka miwili, amebakiza miezi kadhaa ya tope na risasi, na anajua vizuri kwamba huenda asiimalize hai. Unapomwambia atie saini leo, kesho apande treni ya nyumbani, unamkamata pale panapomuuma zaidi.

Sharti la robo tatu nalo lilikuwa na makali yake. Kikosi kikibakiza watu sita kutimiza hesabu, wale sita hawawi tena na hiari kamili, kwa sababu kila mkionana kwenye moto wa kupikia, mwenzako anakutazama. Na maofisa walikuwa na lao, maana ofisa asiye na kikosi hana cheo cha kukalia.

Wenye shaka humtaja pia Oliver Wendell Holmes, ambaye baadaye alikuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani. Alijeruhiwa mara tatu. Muhula wake ulipokwisha mwaka 1864 alirudi nyumbani, hakujiandikisha upya. Miaka ishirini baadaye, Mei 1884, alisimama mbele ya askari wenzake wa zamani akawaambia kwamba katika ujana wao mioyo yao iliguswa na moto. Basi wenye shaka husema: tazama, alipokuwa ndani ya moto alitoka, na alipokuwa nje akausifu. Maneno matamu yote, wanasema, ni ya miaka ya magwaride na pensheni, miaka ambayo chama cha maveterani wa Kaskazini kilikuwa na wanachama zaidi ya 400,000 na wanasiasa wakakiogopa.

Hilo nalikubali. Basi na tuyaweke kando yote waliyoyasema uzeeni, tutazame waliyoyafanya mikono yao ingali inanuka baruti.

Mwishoni mwa Novemba 1863, katika jimbo la Virginia, jeshi la Kaskazini lilijipanga mbele ya kijito kiitwacho Mine Run. Ng'ambo ya pili Wakusini walikuwa wamejichimbia mahandaki na kurundika magogo. Ilikuwa baridi ya kuua, na amri ilikuwa kushambulia asubuhi. Askari wakongwe waliangalia ule mteremko, wakapima kwa macho umbali wa kukimbia bila kinga, na hawakuhitaji kuambiwa na mtu. Wakaandika majina yao kwenye vipande vya karatasi, wakavibana kwenye makoti ili maiti zao zitambulike. Jenerali Warren, aliyekuwa aongoze shambulio, alipouona mteremko ule kulipopambazuka akakataa kuwapeleka. Shambulio likafutwa, jeshi likarudi kambini.

Wiki chache baada ya hapo, katika kambi za baridi kali, ndipo karatasi za kujiandikisha upya zilipoletwa. Katika jeshi hilo hilo zaidi ya 26,000 wakatia saini.

Hapa ndipo ninapobaki kila nikisoma habari hizi, na wanafunzi wangu wanajua nikifika hapa somo halisogei. Mtu aliyebana jina lake kwenye koti mwezi Novemba hakudanganywa na mtu mwezi Januari. Hakuna ofisa wa kumwambia vita ni sherehe. Bei ya ile saini anaijua kuliko waziri aliyeiomba, kuliko rais, kuliko mimi na wewe. Ukisema alirudia pesa, inabidi useme kwamba mtu huyu, aliyekwisha jiona maiti yenye karatasi kifuani, aliuza nafasi yake ya kuishi kwa dola 402, zilizolipwa kwa mafungu, tena kwa noti za karatasi ambazo kufikia Julai 1864 kila dola yake ilikuwa na thamani ya chini ya senti 40 za dhahabu. Wako waliofanya hivyo, sina shaka, maana umaskini una nguvu. Lakini watu 136,000?

Na pesa yenyewe haieleweki bila kuuliza ilimfanyia nini mtu. Mwenye mke na watoto shambani hakuweza kubaki jeshini kwa dola 13, hata moyo wake ukitaka vipi. Zile 402 zilimwondolea aibu ya kuwatelekeza. Mvuvi wa Shela au Matondoni hulipwa kwa samaki wake, na hakuna anayesema kwamba kwa kuwa analipwa basi hana mapenzi na bahari. Malipo humwezesha mtu kufanya kitu, na mara nyingi hayatuambii kwa nini anakifanya. Yule mzee wa barazani aliponiona nimemgeukia alisema neno moja tu usiku ule: "Mwanangu, zamu yako ukiiacha, mwenzako ndiye anayeisimama." Akanywa kahawa yake. Kwa maoni yangu amewaeleza askari wale kuliko vitabu vingi. Ukienda nyumbani vita haviishi, ila nafasi yako kwenye mstari anapewa mtu asiyeijua kazi, na rafiki yako wa miaka mitatu analala karibu na mgeni.

Ndiyo maana askari wakongwe waliwadharau sana wale walioletwa kujaza safu baada ya 1863. Sheria ya kuandikishwa kwa lazima ya Machi 1863 iliruhusu mwenye dola 300 ajikomboe, au alipe mtu wa kwenda badala yake. Wakatokea wajanja waliochukua kitita katika mji mmoja, wakatoroka, wakaenda kujiandikisha mji wa pili kwa jina jingine. Hao ndio waliorudia pesa kweli, na wakongwe waliwatambua mara moja. Chuki waliyokuwa nayo juu yao, na juu ya wanasiasa wa nyumbani waliotaka suluhu kwa gharama yoyote, mara nyingi iliizidi chuki yao kwa adui aliye mbele. Adui walibadilishana naye kahawa na tumbaku kwenye kingo za mto, zamu ya usiku. Mtu asiye na imani hana sababu ya kumchukia mtoro kiasi kile.

Wanaoshikilia kwamba imani ilikufa huwa na karata moja nzuri zaidi ya pesa, nayo ni kukataa amri. Mwezi Mei na Juni 1864 Jenerali Grant alilisukuma jeshi lile kusini kwa muda wa siku kama 40, na watu takriban 55,000 wakauawa, wakajeruhiwa au wakatekwa. Tarehe 18 Juni, mbele ya mji wa Petersburg, wakongwe waliamriwa kuyavamia mahandaki, na vikosi vingine havikuinuka. Walilala chini, wakabaki chini. Kikosi kipya kutoka jimbo la Maine, kilichotumia sehemu kubwa ya vita kikilinda ngome za Washington, kikainuka na kwenda, huku wakongwe waliolala wakiwapigia kelele walale. Kati ya watu takriban 900 kilipoteza zaidi ya 600, na haikuchukua hata nusu saa.

Ukiiona picha hiyo peke yake utasema: basi, hawa wamekwisha, hawataki tena. Mimi nasoma kinyume. Nahodha anayekataa kulitoa jahazi kusi ikiwa imechachamaa hajaiacha bahari, kwa kuwa anaijua ndiyo maana amekataa. Wakongwe wale walikataa mteremko mmoja, asubuhi moja, amri moja isiyo na akili. Usiku wa tarehe 7 Mei, baada ya siku mbili za kuuana kwenye kichaka kinachowaka moto, walifika njia panda. Makamanda waliotangulia, kila walipopata kipigo kama kile, walirudi kaskazini. Grant akakunja kusini, na askari, kwa uchovu wao wote, wakashangilia gizani.

Halafu ukaja uchaguzi wa Novemba, na kwangu huu ndio ushahidi mzito kuliko yote. Mgombea wa upinzani alikuwa George McClellan, kamanda wao wa zamani, aliyewapenda na wao wakampenda. Ilani ya chama chake iliviita vita miaka minne ya kushindwa, ikataka mapigano yasimame. McClellan mwenyewe alijitenga na kauli hiyo, lakini askari waliokuwa wakisoma magazeti kambini walielewa kura ya nani ingewarudisha nyumbani upesi. Katika majimbo yaliyohesabu kura za askari kando, Lincoln alipata 119,754 na McClellan 34,291. Ni takriban asilimia 78, wakati katika nchi nzima Lincoln alipata asilimia 55 tu. Waliokuwa mahandakini walitaka vita viendelee hadi mwisho kuliko waliokuwa wamelala vitandani mwao. Na walipiga kura hiyo baada ya zile siku 40, na baada ya Petersburg.

Kuna la kupunguza katika hesabu hiyo. Maofisa wengine walisimama karibu mno na sanduku la kura. Waliochoka kabisa walikwisha kwenda nyumbani kabla ya Novemba, hivyo sauti yao haimo. Punguza utakavyo. Pengo la asilimia 23 kati ya kambi na nchi halizibwi na shinikizo la maofisa peke yake.

Kwa askari weusi hoja ya pesa haisimami hata kidogo. Karibu 179,000 walilitumikia jeshi la Kaskazini, wengi wao wakiwa watumwa hadi jana yake. Waliahidiwa mshahara kama wengine, wakapewa dola 10, na 3 kati ya hizo zikakatwa kwa ajili ya nguo. Kikosi cha 54 cha Massachusetts kilikataa kupokea hata senti kwa karibu mwaka mmoja na nusu, huku kikipigana na kuzika watu wake, mpaka walipolipwa haki yao, baada ya Bunge kuwasawazishia mshahara Juni 1864. Watoto wao nyumbani walilala njaa kwa ajili ya kukataa huko. Wakongwe weupe wengi, ambao mwaka 1863 walinung'unika kulisikia lile tangazo la Lincoln la kuwaacha huru watumwa, walikuja kubadili kauli baada ya kuona mashamba yenyewe kwa macho yao na kupigana ubavuni mwa watu hao. Si wote, na hata hao waliobadilika hawakubadilika sana.

Linaloniuma katika upande wangu ni jingine. Wazee wetu husema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Wengi wa waliojiandikisha upya walifikiri hivyo: wenzetu wamekufa, tukiacha sasa wamekufa bure. Ni fikra ya heshima, lakini inaweza kumpeleka mtu kaburini bila mwisho, maana kila maiti mpya inakuwa sababu ya maiti nyingine. Somalia, nchi jirani yetu tunayoiona karibu kutoka Kiunga, imeishi ndani ya hesabu hiyo tangu 1991, na Wabajuni waliokimbilia kwetu kwa mashua wanaweza kuieleza vizuri kuliko mimi. Katika vita vya Marekani hesabu ile ilitoka vizuri, kwa maana utumwa ulikwisha. Lakini askari aliyetia saini Januari 1864 hakujua kama itatoka vizuri. Siwezi kumsifu kwa matokeo asiyoyajua, wala siwezi kumlaumu yule aliyekataa kwa sababu hakuyajua pia. Wale 100,000 walikuwa wamelipa deni lao lote, miaka mitatu kamili, na hakuna aliyewazidi kwa hilo.

Pale barazani nilitaka kumsimulia kijana wetu habari za askari wa Pennsylvania waliojulikana kama Akiba, waliopigana tangu 1861. Tarehe 30 Mei 1864 muhula wao ulikuwa umefika ukingoni, zimebaki saa tu waruhusiwe. Siku hiyo Wakusini wakawashambulia karibu na kanisa la Bethesda, Virginia, nao wakapigana kama kawaida, wakawarudisha nyuma, na baadhi yao wakafa siku hiyo hiyo. Baada ya hapo wakagawanyika. Waliomaliza walikabidhi nafasi zao wakashika njia ya kaskazini, kwenda nyumbani. Waliokuwa wametia saini upya wakaundwa vikosi viwili vipya, namba 190 na 191, wakageukia kusini na jeshi. Mwezi Agosti, kwenye reli ya Weldon, wengi wao wakatekwa.

Kijana alikuwa amekwisha kuinuka kwenda zake, na mzee alikuwa bado ameegemea ukuta.